Mpini wa Kaka Deo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa viganja zaidi kuliko kwa kichwa. Kichwa changu, pamoja na shahada zake mbili, kimeanza kusahau nilipoweka miwani. Viganja havisahau. Juzi nilikuwa nimekaa barazani hapa Morogoro, kisu mkononi, nikitaka kufanya jambo la kipuuzi, na viganja hivi vikanikumbusha kwamba upuuzi huohuo niliwahi kuufanya nikiwa na miaka ishirini, kule kwetu Biharamulo.

Nianze na upuuzi wa juzi, maana ndio mdogo. Binti yangu Adela, aliyeanza kazi mwaka jana, aliniletea zawadi ya seti mpya ya fimbo za gofu, zile za chuma. Naomba usicheke, mtoto wa mkulima wa pamba naye ana haki ya kuzeeka vibaya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikicheza na fimbo kuukuu nilizoachiwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu, kila moja na ukoo wake. Nimezizoea mpaka makosa yake nayajua. Namba saba hupeleka mpira kushoto, basi nami husimama nikitazama kulia, tukakutana katikati. Hizi mpya ni nyepesi, zimenyooka, zinang'aa, na haziniheshimu hata kidogo. Jumamosi ya kwanza nilichimbua majani kiasi cha kutosha kupanda mihogo, na mpira ukabaki palepale ukinitazama. Wenzangu waligeuka upande kwa adabu. Adabu ya namna hiyo huuma kuliko kicheko.

Basi nikapata wazo. Nitazichuna zile fimbo za zamani mipira yake ya kushikia, iliyokwisha kupata umbo la vidole vyangu, nizivishe hizi mpya. Adela akanikuta katikati ya kazi.

"Baba, unachuna nini tena?"

"Nazifundisha adabu fimbo zako."

"Ukizikata hizo za zamani hazitakufaa tena. Na hizi mpya nazo utazifanya zisieleweke."

Nikaweka kisu chini. Hoja yake ilikuwa nzuri, lakini si hoja hiyo iliyonifanya niweke kisu chini. Ilikuwa ni vile vipande vya mpira vilivyotapakaa sakafuni. Niliviona nikamwona mama yangu akiinama kuokota vipande vingine, vya mti, miaka mingi iliyopita. Ikabidi nimsimulie Adela, na baada ya Adela nikaona nikusimulie na wewe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Nyantakara. Tulihamishiwa pale miaka ya vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, na katikati likapimwa shamba la pamba la kijiji. Jumanne na Alhamisi watu wote wazima tulilima humo. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake kwa kamba, na aliyemaliza mwisho alimaliza mbele ya macho ya waliomaliza kwanza. Nakwambia, hakuna mtihani wa chuo kikuu ulionitia hofu kama kamba ile.

Baba alikuwa amefariki. Nyumba yetu ilisimama kwa jembe la kaka yangu Deo, aliyenizidi miaka mitano. Deo aliacha shule darasa la saba ili mimi niendelee. Hakuwahi kulisema hilo. Aliniita tu "Karani", kwa sababu ya mikono yangu laini, na kila nilipofunga shule alivishika viganja vyangu, akavigeuza, akatikisa kichwa. "Mama, huyu bado hajaiva." Ukweli ni kwamba mpini wa jembe lake ndio uliosoma. Mimi nilikwenda kukaa darasani tu.

Jembe lake lilifuliwa na Mzee Kasase, Mrongo wa kijiji cha pili. Warongo, kama hujui, ni wafua chuma tangu mababu. Wakati ule wazee wao walikuwa wakifua springi za malori yaliyoanguka barabara ya Rusumo, na jembe moja likadumu kuliko lori lenyewe. Jembe la namna hiyo halina tundu. Lina msuka, yaani mkia mrefu wa chuma, unaopenya kwenye kichwa cha mpini. Kwa hiyo mpini wake huwa na kichwa kinene kama goti la ng'ombe. Mpini wa Deo ulikuwa mweusi kwa jasho, laini kama shingo ya kibuyu, na mahali alipozoea kuweka dole gumba palikuwa na kibonde kidogo. Ukiukamata gizani ungejua ni wa nani.

Vita vya Kagera vilipoanza, mgambo waliitwa. Deo alikuwa akilima matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Alioga, akafuta jembe kwa majani, akalichomeka juu ya mlango kwa ndani. "Mama, matuta yaliyobaki ni yangu," akasema. "Karani asiyaguse, atayapinda." Akaondoka na wenzake kwa lori la pamba.

Sasa kwetu palikuwa na desturi. Jembe la aliye safarini haliazimwi, wala halibadilishwi mpini. Mvua ya kwanza ikinyesha, mama yake hulishusha, hulima nalo tuta moja kwa jina lake, ardhi isije ikamsahau, kisha huliosha na kulirudisha. Mama alikuwa mtu wa kanisani, Jumapili hakosi. Lakini tuta la Deo alililima, na padri hakuulizwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri kuitwa chuoni. Bila Deo, ngwe ya nyumba yetu ikawa yangu. Miezi ile ndipo yalipoletwa kijijini majembe mapya ya kiwandani, moja kila kaya, yale mapana ya tundu, pamoja na mipini yake iliyonyooka kama rula na bado ina vibanzi vya mbao. Katibu wa kijiji alitoa hotuba. Tulipiga makofi. Alhamisi nikaingia nalo shambani.

Mwanangu, lile jembe lilinikana. Nililipiga chini likaruka. Nililipiga tena likaingia ubavu. Kabla jua halijapanda nilikuwa na malengelenge manne, na jirani yangu wa ngwe, Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na mtoto mgongoni, alikuwa amekwisha kunipita akaenda akarudi.

"Msomi!" akaniita. "Unalima au unaliamkia shikamoo?"

"Jembe lenyewe baya, Mama Kulwa. Mpini haukukaa."

"Aa! Mchagua jembe si mkulima. Deo angekuwa hapa ungebaki kumshikia kibuyu cha maji."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa maana asiyecheka huchekwa mara mbili. Lakini jina la Deo lilikuwa limenichoma. Sikuwa nikiona aibu ya ngwe peke yake. Niliona kwamba kijiji kizima kilikuwa kikinipima kwa kamba ya mtu ambaye hatukujua yuko wapi.

Asubuhi ya kesho yake mama aliamka mapema akaenda Lusahunga. Njia panda pale malori yalikuwa yakipita na askari, yakienda na kurudi, nao wanawake wa vijiji vya karibu walikuwa wakikaa kando ya barabara na ndizi mbivu, wakiuliza habari za watoto wao. Alikuwa akienda hivyo kila juma. Nilibaki nyumbani na malengelenge yangu. Nikainua macho, nikauona mpini wa Deo juu ya mlango.

Nilijipa sababu, kama ilivyo kawaida ya waliosoma. Nilijiambia kwamba ubaya uko kwenye mpini, si kwenye jembe. Nilijiambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Ona jinsi nilivyoipinda methali ya watu! Nikaona nitachukua wema wa zamani nilivishe jembe jipya, na ngwe ya nyumba yetu itamalizwa kwa mkono wa Deo hata kama hayupo. Nikaushusha, nikaugongagonga mpaka msuka ukatoka. Kisha, ili mpini uingie katika lile tundu la duara, nikaanza kukichonga kile kichwa kinene. Nikachonga. Haukuingia. Nikachonga tena. Ulipoingia ulicheza, nikagonga kabari, na mpini ukapasuka kutoka kichwani hadi karibu na kile kibonde cha dole gumba.

Mama alirudi jua likielekea kutua. Alinikuta nimekaa kizingitini, panga pembeni, vipande vya mti miguuni. Alitazama juu ya mlango. Alitazama chini. Hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuviokota vile vipande, kimoja kimoja, akivitia kwenye pindo la kanga.

"Nimeuliza malori yote yaliyosimama," akasema huku akiokota. "Hakuna anayemjua. Mmoja kaniambia, mama, huko watu ni wengi kama kumbikumbi. Nikasema si neno, nyumbani mkono wake upo." Akafunga fundo. "Sasa na mkono nao haupo."

"Mama, nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Kesho nenda kwa Kasase. Usimwambie mpini umekatika. Mwambie umeukata wewe."

Majuto ni mjukuu, wasemao hawakukosea. Ila wangu alizaliwa siku hiyohiyo na meno yake.

Nilimkuta Mzee Kasase kibandani kwake, mwanawe akivukuta moto kwa mifuko ya ngozi ya mbuzi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia kama mama alivyoniagiza. Aliupokea ule mpini, akauzungusha, akapitisha kidole kwenye ufa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu mwenye kifua kibovu cha moshi.

"Hiki kichwa nilikitafuta msituni siku mbili," akasema. "Mti uliopinda vizuri haupatikani kila siku. Ulitaka nini hasa, kijana?"

"Jembe jipya halikunizoea, mzee."

"Jembe likuzoee! Wewe nani? Jembe halina kichwa cha kuzoea mtu. Mkono ndio unaozoea." Akanivuta kiganja, akayatazama malengelenge. "Umelima nalo siku ngapi?"

"Moja, mzee."

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Siku moja, na tayari kaomba talaka."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu ambaye majembe ya kiwandani yalikuwa yakimnyang'anya wateja. Alichukua jembe la tundu lililokuwa limeegemea ukutani, la mkwewe aliyelileta kunolewa, akanitoa nje. "Tazama. Langu mimi ni zito, unalitupa, linakwenda lenyewe. Hili ni jepesi na pana. Ukilitupa linaruka. Hili unaliweka, unalivuta. Shusha mkono wa mbele. Mgongo usiinue sana. Unaona? Wewe ulikuwa unalima na hili kwa mwendo wa lile." Akanirudishia ule mpini wa Deo uliopasuka. "Ukitaka kila kipya kikae kama cha zamani, utaviua vyote viwili. Nenda ukalime. Malengelenge yapasuke, yakauke, yapasuke tena. Hiyo ndiyo ada."

Nikamwomba amtengenezee Deo mpini mwingine. Alikubali. "Kichwa nitakupa," akasema. "Mkono siwezi."

Nilirudi shambani na ule mpini wangu wa rula. Shusha mkono, weka, vuta. Sikuwa bingwa, lakini juma la nne Mama Kulwa alinipita mara moja tu badala ya mbili, na siku moja alisimama, akanitazama, akasema, "Karani ameanza kuiva." Aliichukua kauli ya Deo bila kujua. Nililima mpaka mwisho wa ngwe nikiwa nimeinamisha uso.

Jioni, kabla ya giza, niliufanyia kazi ule mpini mpya wa Mzee Kasase. Niliusugua kwa mchanga, nikaukwangua kwa kigae cha chupa, nikaupaka mafuta ya mbarika mpaka ukawa mweusi. Kisha nikachonga kibonde cha dole gumba. Nilikipima kwa kumbukumbu. Mama alikuwa akikaa karibu akichambua maharage, na mara mojamoja akisema, "Juu kidogo," au, "Alikuwa halikazi hivyo." Miezi ile, mwanangu, ndiyo ninayoitamani kupita yote niliyopata kuishi. Tulikuwa hatujui kama yu hai. Lakini tulikuwa tukizungumza habari za dole gumba lake kila jioni, kana kwamba amekwenda kisimani.

Vita viliisha. Wengine walirudi mapema, wengine walikawia, wengine hawakurudi. Deo alirudi mwishoni mwa kiangazi, akitembea kutoka Lusahunga na mfuko mmoja begani. Vigelegele vilianzia nyumba ya kwanza ya mstari vikaja mpaka yetu. Alikuwa amekonda, akatukumbatia, akacheka mahali pa kucheka. Lakini alikuwa akila amesimama, na akiitwa kwa nyuma hakuitika. Aligeuka kwanza mwili mzima. Hakunigeuza viganja. Nilivingojesha siku nyingi, vikiwa vigumu kama gome, ili avitazame na kusema nimeiva. Hakuvitazama.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mama alishusha jembe kutoka juu ya mlango, kama kawaida yake, lakini safari hii hakwenda nalo nje. Alimpa mwenyewe, kwa mikono miwili. Deo alilipokea. Mkono wake ulikwenda wenyewe hadi kwenye kibonde, dole gumba likaingia, na mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeizuia toka siku ile ya panga.

Akatoka, akalima mapigo matatu kwenye yale matuta yake. Akasimama. Akalitazama jembe.

"Huu mpini si wangu."

Nikamweleza yote: ngwe, panga, ufa, Mzee Kasase, mafuta ya mbarika. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka kidogo, na kilikuwa kicheko chake kile cha zamani, cha kwanza tangu arudi. "Karani, hata ungekuwa ule ule, nao usingekuwa wangu." Akaliegemeza ukutani taratibu, kama unavyomlaza mtoto wa watu. "La kiwandani liko wapi?"

"Lile? Lile ni baya, kaka. Litakuumiza mikono."

"Lete."

"Nimekuchongea hili miezi yote..."

"Najua. Umemchongea Deo." Hakusema kwa ukali. "Humu ndani kila kitu kinanisubiri niwe yule. Kigoda, kikombe, mama, na wewe. Lile jembe halinijui. Nipe hilo nipumzike."

Nikampa. Nilikasirika, sitakuficha, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto aliyenyimwa, mimi msomi wa kijiji. Niliporudi alikuwa amekwisha kulima tuta moja kwa jembe la tundu, likimrukia, likimkataa, naye akilitukana kwa sauti kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, matusi mazuri ya kijijini. Mama alisimama mlangoni akimsikiliza, kanga mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi mfululizo tangu atoke vitani.

Matuta yalipinda. Yalipinda kuliko ambavyo mimi ningeyapinda.

Jembe la Mzee Kasase alilichukua mama. Kile kibonde nilichokihangaikia kilimtosha yeye sawasawa, maana nilikuwa nimekipima kwa maelekezo yake, na bila kujua alikuwa akinielekeza kwa dole gumba lake. Alilima nalo mpaka nguvu zilipomwishia. Deo alihamia Ngara akaoa huko, akalima kwa jembe la tundu maisha yake yote, na kila alipokuja kutuona alikuwa mtu mwingine kidogo, na kila mara tukajifunza kumjua tena. Tumemzika miaka sita iliyopita. Siku ya maziko mkewe alinionyesha mpini wa jembe lake la mwisho. Ulikuwa na kibonde. Hakikuwa mahali pale nilipokichonga mimi; kilikuwa chini zaidi, kwa kuwa jembe la tundu hushikwa chini. Nilitia dole gumba langu humo, nikakaa hivyo mpaka waliponiita kwenye chakula.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitu kipya kikikuumiza mikono, usikimbilie kukikata ili kifanane na ulichokizoea, wala usikichune cha zamani ili kukivisha kipya. Mazoea yana taabu, na taabu hiyo ndiyo ada yake. Ilipe kwa viganja vyako mwenyewe. Shusha mkono, weka, vuta. Na hili ndilo kubwa, ambalo lilinichukua nusu ya umri kulielewa: mtu wako akirudi kutoka mbali, iwe ni vitani, mjini, gerezani au kitandani hospitalini, usimngoje na kibonde ulichokwisha kumchongea. Huyo uliyemchongea hakurudi. Mkaribishe huyu aliyekuja, hata akipinda matuta, na umpe muda wa kulitukana jembe.

Adela ameweka kisu kabatini. Fimbo mpya ziko mlangoni, nami nina malengelenge mawili, ya kwanza tangu mwaka wa vita. Nayatazama jioni, na nafsi yangu inamtamani mtu wa kuvigeuza viganja hivi mikononi mwake na kutikisa kichwa.

Mungu akujalie viganja vinavyoiva polepole, mwanangu. Akujalie wa kukucheka ngwe ikikushinda, na wa kukuonyesha pa kushika. Na yule unayemngoja, ikiwa yupo, Mungu amrudishe salama. Na akifika, akute ndani ya nyumba yako angalau jembe moja lisilomjua.